Kumtoa Mtoto Mahabusu na Kumweka kwa Mtu wa Kuaminika: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: "Tulikwenda mahakamani na shangazi yake, mama mwenye nyumba yake na heshima zake, mbona hakimu amemrudisha mtoto mahabusu?" Mara nyingi jibu ni lile lile. Shangazi alikwenda mikono mitupu. Afisa ustawi wa jamii hakuwahi kufika kwake. Na kibaya zaidi, waliomba kitu ambacho sheria haimpi shangazi.

Mwongozo huu ni wa mzazi, ndugu, msaidizi wa kisheria au mwalimu anayemsaidia mtoto aliyekinzana na sheria Tanzania Bara. Msingi wake ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Zanzibar wana sheria yao, Na. 6 ya 2011, kwa hiyo usinakili vifungu vya hapa ukaenda navyo Unguja. Namba tunazotaja ni za sheria ilivyotungwa 2009. Ukiwa na toleo lililorekebishwa, soma kwanza kichwa cha kifungu ndipo utaje namba yake.

Kesi ikiwa ya mauaji, tafuta wakili leo hii, kisha urudi hapa kusoma sehemu ya nyumba na malezi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda popote

Weka vyote kwenye bahasha moja, nakala mbili mbili, na nakala halisi zisitoke mkononi mwako.

- Uthibitisho wa umri: cheti cha kuzaliwa. Kama hakuna, tangazo la kizazi kutoka hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya mwalimu mkuu inayotaja tarehe iliyoandikwa kwenye rejesta ya uandikishaji.
- Namba ya kesi. Mtoto akiwa bado kituoni, namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi) na jina la mpelelezi.
- Barua ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji anakoishi mtu atakayempokea mtoto, yenye muhuri, tarehe na namba ya simu.
- Kitambulisho cha mtu huyo (NIDA, au cha mpiga kura kama cha NIDA hakijatoka) na picha mbili za pasipoti.
- Barua yake ya kukubali kwa hiari, iliyosainiwa pia na mume au mke wake.
- Barua ya shule au ya fundi anayekubali kumpokea mtoto.
- Kadi ya kliniki ikiwa mtoto anatumia dawa za kila siku, kama za kifafa au ARV.
- Mpango wa malezi wa ukurasa mmoja. Namna ya kuuandika iko Hatua ya 5.

Hongo haimo kwenye orodha. Dhamana ni bure, na kumkabidhi mtoto kwa mtu wa kuaminika pia ni bure. Anayekuomba "ya karatasi" anakuuzia kitu kisicho chake.

## Milango mitatu inayochanganywa

Dhamana. Mtoto anatoka kwa ahadi ya kurudi siku ya kesi, na mzazi, mlezi au ndugu anaweza kumsimamia. Huu ndio mlango wa shangazi.

Mtu wa kuaminika. Sheria inamweleza kuwa mtu mzima mwenye tabia njema na akili timamu, anayeweza kumtunza mtoto, ambaye si ndugu wa mtoto, na aliyethibitishwa na afisa ustawi wa jamii. Maneno "si ndugu" ndiyo yanayowaangusha wengi. Ukimpeleka shangazi chini ya jina hili, umegonga mlango usio wake. Hakimu makini atauliza, na hutakuwa na jibu.

Malezi ya kambo. Haya ni makazi ya muda mrefu zaidi katika familia nyingine, yanayopangwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii kwa utaratibu wake. Mtoto anaweza kuanza kwa mtu wa kuaminika wakati kesi inaendelea, kisha ikaonekana kwao hakurudiki, ndipo suala la kambo likaja. Usianze na kambo siku ya kwanza, kwa sababu utaratibu wake hauendi kwa kasi ya kesi.

Kifungu cha 104 kinasema mahakama ya watoto isipompa mtoto dhamana, itaamuru akabidhiwe kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, mtu wa kuaminika au taasisi itakayotajwa kwenye amri. Kwa hiyo mtu wa kuaminika si fadhila ya hakimu. Yumo katika orodha ile ile yenye mahabusu. Ila mahakama haiwezi kumkabidhi mtoto kwa nia njema. Inamkabidhi kwa mtu mwenye jina na nyumba iliyokaguliwa. Jina lisipoletwa mezani, linaandikwa la taasisi.

Na taasisi zenyewe ni chache. Mahabusu za watoto ziko katika mikoa kama Dar es Salaam, Arusha, Kilimanjaro, Tanga na Mbeya. Mtoto wa mkoa usio nayo, pasipokuwa na mtu wala taasisi katika umbali unaofaa, mahakama huachiwa itoe amri nyingine ya kumweka salama kadiri itakavyoona. Nafasi hiyo ndiyo inayoweza kumfikisha mtoto wa miaka 15 katika gereza la watu wazima. Kama uko mkoa wa namna hiyo, kazi yako ina haraka mara mbili.

## Hatua ya 1: Thibitisha umri kituoni

Nenda kituoni na bahasha. Omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto. Kama halipo, mkuu wa kituo. Mpe nakala ya uthibitisho wa umri na uombe umri sahihi uandikwe kwenye jalada.

Sababu ni hii: mtoto mrefu mwenye sauti nzito huandikwa miaka 19 kwa kukadiriwa machoni, na wengine hujitaja wakubwa wenyewe kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Akishaandikwa mtu mzima, anawekwa na watu wazima na kupelekwa mahakama ya kawaida, na kila hatua iliyo chini hapa inakufa. Upande wa pili pia upo. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa, na aliye kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kosa lake.

Mtoto asiandikwe maelezo bila mzazi, mlezi au afisa ustawi kuwapo. Kama ana majeraha, omba PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) hapo hapo, siku hiyo hiyo.

*Umefaulu ukiona:* umri ulioandikwa kwenye jalada unalingana na cheti chako, na mtoto ametenganishwa na watu wazima.

## Hatua ya 2: Gonga mlango wa dhamana kwanza

Kama yupo mzazi au ndugu mwenye nyumba inayofaa, omba dhamana ya polisi chini ya kifungu cha 101. Mkuu wa kituo anaweza kuinyima kwa sababu tatu: kosa ni la mauaji au adhabu yake inazidi miaka saba jela, kuna haja ya kumtenga mtoto na watu wabaya, au kumwachia kutaharibu mwenendo wa haki.

Akikataa, muulize kwa heshima ni ipi kati ya hizo tatu, na uandike jibu lake. Hili si la ubishi. Sababu aliyoitaja ndiyo utakayoijibu katika mpango wako. Akisema "watu wabaya", maana yake ni kwamba nyumbani au mtaani kwao ndiko tatizo lilipo, na hapo hoja ya nyumba nyingine, mtaa mwingine, inapata nguvu kuliko ya shangazi anayeishi kichochoro kile kile.

*Umefaulu ukiona:* mtoto ametoka kwa dhamana (huna haja ya hatua zilizobaki, isipokuwa sehemu ya malezi), au una sababu ya kukataliwa iliyoandikwa.

## Hatua ya 3: Mpate afisa ustawi kabla ya siku ya kutajwa

Hapa ndipo kesi nyingi hupotelea. Familia humtafuta afisa ustawi baada ya hakimu kukataa, wakati ilipaswa kuwa kabla.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au ofisi ya kata kama kata yenu ina afisa. Usimwambie "tunaomba msaada". Mwambie mambo manne kwa mpangilio huu: jina na umri wa mtoto, namba ya kesi, tarehe ya kutajwa, na "tuna mtu aliye tayari kumpokea, tunaomba umkague kabla ya tarehe hiyo." Maafisa ni wachache na mafaili ni mengi. Mwenye tarehe na anwani hupangiwa safari, mwenye malalamiko huambiwa arudi Jumatatu.

Muulize pia kama halmashauri ina orodha ya familia za kuaminika zilizokwisha kufunzwa. Katika baadhi ya maeneo zipo, na familia iliyo kwenye orodha inaokoa wiki nzima ya kazi.

Omba ripoti yake ya uchunguzi wa kijamii ijibu maswali mawili bayana: kwa nini mtoto asirudi kwao sasa hivi, na kwa nini nyumba hii inafaa. Ripoti nzuri yenye kurasa tano juu ya umaskini wa familia, bila pendekezo la jina, haimsaidii hakimu hata kidogo.

*Umefaulu ukiona:* tarehe ya ukaguzi iko kwenye shajara ya afisa, na namba yake ya simu iko kwako.

## Hatua ya 4: Chagua nyumba

Chukua muda hapa. Nyumba mbaya ni hatari kuliko kukosa nyumba, kwa sababu mtoto akitoroka mara moja, ombi la pili halisikilizwi kwa sikio lile lile.

Umbali. Nyumba iwe mbali na marafiki aliokamatwa nao na mbali na mlalamikaji, lakini karibu na mahakama kiasi kwamba mtu anaweza kufika saa mbili na nusu asubuhi bila kulala njiani. Mtaa wa pili ni karibu mno. Wilaya ya tatu ni mbali mno.

Nani yuko nyumbani saa tisa alasiri? Hili ni swali bora kuliko "ana kipato gani". Hatari kubwa ya siku ni kati ya kutoka shule na chakula cha usiku. Mama lishe anayefanya kazi barazani kwake, fundi cherehani, mstaafu mwenye duka dogo: hawa wanafaa kuliko mwenye gari na nyumba ya vigae anayerudi saa tatu usiku.

Mtoto mmoja tu. Usikubali nyumba iliyokwisha kupokea mtoto mwingine mwenye kesi. Programu ya malezi ya kambo ya Oregon, Marekani, inayochukua vijana wenye makosa mazito tangu 1983, huweka kijana mmoja kwa kila nyumba, kwa miezi sita hadi tisa. Utafiti wake uliochapishwa 1998 uligawa kwa bahati nasibu wavulana 79 wa miaka 12 hadi 17, wengine wakaenda kwenye familia na wengine kwenye nyumba za makundi. Waliokwenda kwenye familia walirudia makosa mara chache zaidi. Vijana wakirundikwa pamoja hufundishana, na mtu mzima mmoja anayemjua kijana mmoja huona mapema. Kila aliyewahi kulea anajua hili, ila ni vizuri kuwa na cha kumwonyesha afisa.

Kosa lenyewe. Tuhuma ikiwa ya kingono, nyumba isiwe na watoto wadogo. Hapa hakuna mjadala. Tuhuma ikiwa ya wizi, nyumba iwe na kabati linalofungwa, na duka la familia lisiachwe mikononi mwake "kumjaribu". Majaribio ya namna hiyo ni mtego, na mtoto ndiye anayelipa.

Mwenza. Ongea na mume na mke kila mmoja peke yake. Mmoja akiwa anakubali ili asionekane mbaya, utajua kwa swali hili: "Akivunja kitu chako wiki ya kwanza, utafanya nini?" Anayesema "ah, ni mtoto tu" hajafikiria. Anayesema "nitakasirika, halafu nitampigia afisa" amefikiria.

Anayetafuta house boy. Yupo, na anajua kusema vizuri. Dalili yake ni kuuliza haraka mtoto ana nguvu kiasi gani, au kusema "nitampa kazi za kumchangamsha" kabla hajauliza jina lake. Mpe mkono, mshukuru, ondoka.

Hesabu ya fedha ifanyeni mapema na kwa namba. Kesi inapoahirishwa kila siku 14 hivi, kuna safari mbili kwa mwezi. Nauli ikiwa shilingi 700 kwa daladala moja, mkipanda mawili, watu wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 5,600 kwa siku na 11,200 kwa mwezi. (Usimhesabie mtoto nauli ya mwanafunzi. Siku ya mahakama asivae sare, maana inataja shule yake kwa kila anayepita.) Andikeni nani analipa nauli, nani michango ya shule, nani matibabu. Familia ya mtoto ichangie hata kama ni debe la unga kwa mwezi. Haipaswi kujiona imenyang'anywa mtoto.

*Umefaulu ukiona:* nyumba moja ya kwanza na nyingine moja ya akiba, zote mbili zikiwa zimekubali kwa maandishi.

## Hatua ya 5: Andika mpango wa malezi, ukurasa mmoja

Hakimu ana majalada mengi asubuhi hiyo. Ukurasa mmoja atausoma, minne ataiahirisha. Uwe na haya tu:

1. Jina la mtoto, umri, namba ya kesi.
2. Jina la mtu wa kuaminika (ndiye "mlezi" kwenye mpango huu), anwani hadi jina la balozi au mjumbe, na namba mbili za simu.
3. Mtoto atalala wapi. Kitanda au godoro lake, chandarua chake, chumba na nani.
4. Ratiba ya siku kwa saa.
5. Watu asiokutana nao na sehemu asizokwenda, kwa majina.
6. Nani anamwona, lini: afisa ustawi, mzazi, mshauri.
7. Nani anampeleka mahakamani kila tarehe, na nani wa akiba.
8. Itakuwaje akikosekana nyumbani.

Ratiba isiandikwe ya kupendeza. "Saa 11 alfajiri kuamka, saa 2 usiku kulala, siku nzima kusoma" ni ratiba ya malaika. Andika inayotekelezeka: saa 12 asubuhi kuamka, saa 1:30 shule au karakana, saa 9:30 nyumbani, chakula, saa 10 hadi 12 jioni kazi ndogo ya nyumbani na mpira uwanjani akiwa na mtu mzima aliyetajwa, saa 12:30 ndani, saa 3 kulala. Hakimu anapouona muda wa mpira, anajua aliyeandika amewahi kulea mtoto.

Kipengele cha 8 ndicho kinachosomwa kwanza. Andika hivi: "Akichelewa dakika 30, mlezi atapiga simu shuleni na kwa mzazi. Akichelewa saa 2, atampigia afisa ustawi. Asipolala nyumbani, taarifa itatolewa polisi usiku huo huo na mahakamani asubuhi." Kwa maneno hayo unaijibu hofu ya mwendesha mashtaka kabla hajasimama.

Hakuna fimbo kwenye mpango, na hakuna kufungiwa ndani kwa kufuli. Alama moja ya fimbo mgongoni inatosha kufuta amri, na mlango uliofungwa kwa nje ni kaburi moto ukizuka.

## Hatua ya 6: Siku ya mahakama

Fika saa moja kabla. Mweleze karani kwamba mtu wa kuaminika yupo na ripoti ya afisa ustawi imo kwenye jalada. Kama haimo, mpigie afisa hapo hapo, usisubiri kuitwa. Sheria inataka afisa ustawi awepo mahakama ya watoto inapokaa, na mzazi, mlezi au rafiki wa mtoto awepo pia. Shauri husikilizwa faragha, kwa hiyo msije kumi na wawili kama mnakwenda kutoa posa. Mzazi, mtu wa kuaminika na wakili au msaidizi wa kisheria wanatosha.

Ombi likitolewa, liwe fupi: "Mheshimiwa, endapo mahakama haitatoa dhamana, tunaomba mtoto akabidhiwe kwa mtu wa kuaminika chini ya kifungu cha 104, badala ya mahabusu. Amekaguliwa na afisa ustawi, yupo hapa, na mpango wa malezi umewasilishwa."

Mtu wa kuaminika akiulizwa "Unajua anatuhumiwa nini?" ajibu ndiyo, na alitaje kosa. Wengi hujibu "sijui vizuri, mimi nasaidia tu", na kwa jibu hilo moja nyumba nzima inapoteza uzito. Mtoto naye ana haki ya kusema anachotaka. Asifundishwe hotuba. Atosheke kusema kama amekutana na mlezi huyo na kama yuko tayari kuishi kwake. Kwa hiyo hakikisheni wamekutana angalau mara moja kabla, hata kwa dakika 20 kwenye benchi la mahabusu.

Hakimu akikataa, omba sababu ziandikwe na uulize kipi kikirekebishwa ombi linaweza kurudi tarehe ijayo. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu kimoja: muhuri, ukaguzi, au anwani inayoeleweka.

Njia hii haifungwi na hukumu. Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela, kwa kifungu cha 119, na kifungu hicho hicho kinairuhusu mahakama kumkabidhi kwa mtu wa kuaminika aliye tayari kumpokea, badala ya amri nzito zaidi kama kumpeleka shule ya maadilisho (ya kurekebisha tabia), Irambo kule Mbeya. Mtoto aliyekaa miezi minne katika familia bila kukosa tarehe hata moja anaingia siku ya hukumu na ushahidi ambao hauwezi kutungwa.

*Umefaulu ukiona:* nakala ya amri yenye jina la mlezi, anwani, na tarehe ya kurudi. Usitoke bila nakala. Askari wa doria akimsimamisha mtoto kesho, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yake.

## Hatua ya 7: Siku tatu za kwanza

Siku ya kwanza: kuoga, kula, kulala. Hakuna kikao cha familia wala mahubiri. Nguo alizotoka nazo zifuliwe kwa maji ya moto, kwa sababu upele na chawa wa seli hawaulizi ruhusa.

Siku ya pili: kituo cha afya. Apimwe malaria, aangaliwe ngozi na majeraha, na kama ana dawa za kila siku, ithibitishwe alikosa dozi ngapi akiwa ndani. Wengi hukosa, na hakuna anayeuliza.

Siku ya tatu: sheria za nyumba, zisizidi tano, ziandikwe na kubandikwa. Tano zinashikika. Kumi na tano ni sawa na kutokuwa na sheria.

Majirani waambiwe sentensi moja, na nyumba nzima iishike hiyo hiyo: "Ni mtoto wa rafiki yetu, yuko nasi kwa muda." Picha yake isiingie kwenye status ya mtu. Kumtangaza mtoto mwenye kesi kunaweza kumletea mlezi shida ya kisheria, na kumletea mtoto wale wale mliomficha wasimpate.

## Hatua ya 8: Wiki zinazofuata

Wiki mbili za mwanzo huwa tamu mno. Mtoto anafagia bila kuambiwa, mlezi anatangaza kwamba "alisingiziwa huyu". Kati ya wiki ya tatu na ya sita anaanza kupima mipaka: anachelewa kidogo, anasema uongo wa kijinga, anavunja sahani. Walezi wengi hurudisha mtoto hapo wakidhani mambo yameharibika. Hayajaharibika. Ndiyo kwanza amejisikia yuko nyumbani.

Silaha ya kipindi hicho ni simu ya dakika tano kila jioni. Afisa ustawi akiweza, vizuri. Asipoweza, msaidizi wa kisheria au mzee aliyekubalika apige. Asiulize "anaendeleaje?" Jibu lake ni "salama tu" hadi siku anayotoroka. Aulize kwa orodha, kuhusu saa 24 zilizopita peke yake: Alichelewa? Alibisha? Alisema uongo? Alikwenda shule? Aligombana? Alilia, au alikojoa kitandani? Nani alimpigia simu? Kila ndiyo inawekewa alama kwenye daftari. Alama zikipanda kutoka mbili kwa siku hadi tano kwa siku tatu mfululizo, afisa aende nyumbani wiki hiyo.

Mtoto naye awe na daftari lake la alama. Anapata kwa kuamka, kwenda shule, kurudi kwa saa, na anapoteza kwa makosa. Jumamosi zinabadilishwa na kitu alichokubali mwenyewe: kwenda kuangalia mechi, simu kwa mama, saa moja zaidi ya kukaa macho. Adhabu iwe ndogo na ya siku hiyo hiyo. Kunyimwa mpira mwezi mzima kwa kosa la Jumatatu kunamwacha bila cha kupoteza ifikapo Jumanne.

Akitoroka, fuata saa zilizoandikwa kwenye mpango bila aibu. Mlezi anayeficha siku mbili "ili asimharibie" ndiye anayemharibia. Mtoto aliyeripotiwa saa hiyo na kupatikana kesho yake bado anaweza kurudishwa kwenye nyumba hiyo. Aliyefichwa anarudi mahabusu, na mlezi anatolewa kwenye orodha.

## Hatua ya 9: Kurudi kwao

Anza kuifanyia kazi familia ya mtoto wiki ile ile ya kwanza, wala usingoje hukumu. Mzazi aje kwa mlezi mara moja kwa wiki, akae, aone sheria tano zinavyoshikwa, kisha azinakili na kuzibandika ukutani kwake. Baadaye, mahakama na afisa ustawi wakiruhusu, mtoto ashinde kwao mchana mmoja, halafu alale usiku mmoja, halafu wikiendi. Simu ya jioni iendelee siku hizo ikipigwa kwa mzazi.

Kama kwao bado kuna pombe ya kuuza usiku, au kaka yule yule aliyemtuma kuiba, ripoti isomeke hivyo. Hapo ndipo afisa anaanza faili la malezi ya kambo.

Siku ya kumrudisha, mlezi asimwachie mzazi mtoto barazani na kwenda zake. Aombe mahakama au afisa ustawi aandike kwamba makabidhiano yameisha, kwa tarehe na saini. Bila karatasi hiyo jina lake bado liko kwenye amri, na mtoto akikamatwa tena miezi mitatu baadaye, polisi watagonga mlango wake.